Nimekuelewa, Lakini Sikubaliani

Walimu wawili wa ngoma, wote Warundi, waliacha kusalimiana hapa Nyarugusu. Mzee anafundisha wavulana. Dada anafundisha wasichana kucheza, halafu akaanza kuwapa na ngoma zenyewe wazipige. Mzee akasema ni mwiko. Hapo ndipo salamu zilipokatika.

Niliitwa nikae kati yao kwa sababu mimi ni Mkongo, yaani sina upande. Nilikuwa nimepita semina ya usuluhishi: usimkatize mtu, rudia alichosema kwa maneno yako. Nikafanya hivyo. Mzee akaniangalia: "Mwanangu, nimesema hivyo hivyo, sasa mbona unanirudishia?"

Siku ya pili nikafunga mdomo. Basi akaeleza. Kwa Kirundi, ingoma ni ngoma na pia ni ufalme. Ufalme uliondolewa mwaka 1966, ngoma zikabaki. Mti wa kuzichonga unaitwa umuvugangoma, na kila pigo lina mahali pake. Nikaona kwamba wasichana si hofu yake hasa. Anaogopa kuwa mtu wa mwisho anayejua taratibu hizo.

Dada naye alikuwa na lake. Mwaka 2017 amri ya rais kule Burundi ilikataza wanawake kupiga ngoma. "Kaka, nimekimbia na watoto, halafu amri inifuate mpaka huku?"

Sasa nani ana haki? Ndugu zangu wa mashirika, mnisamehe, maana mnapenda kusema kila mtu asikilizwe. Sote tumewahi kusikilizwa dirishani, jina likaandikwa, tukaambiwa asante, basi. Kusikiliza kwa namna hiyo ni kufunga mlango polepole. Ningeweza kuwagawia uwanja, huyu Jumamosi, yule Jumapili, nikaripoti kwamba ugomvi umekwisha. Ningekuwa nimegawa uwanja tu.

Na kuna hatari nyingine ambayo semina haikuitaja. Nilipomsikia mzee mpaka mwisho, moyo ukaanza kuegemea kwake. Lakini uchungu wa mtu unaeleza kwa nini anasema, hauonyeshi kwamba anachosema ni haki. Nikamwambia: "Mzee, nimekuelewa, lakini sikubaliani nawe. Hawa watoto wapige." Alinyamaza sana. Kisha akasema afadhali hivyo kuliko kurudishiwa maneno yake.

Kosa langu ni kwamba wasichana wenyewe sikuwauliza. Nilikumbuka mambo yalipokuwa yameshapoa. Mmoja akaniambia wao hawajali mwiko wala amri, wanachotaka ni mtu wa kuwafundisha vizuri, kwa sababu dada mwenyewe mapigo mengine hayajui. Dada alipoyasikia hayo alikasirika, ila hakubisha. Akaenda kwa mzee kumwomba awafundishe.

Hajakubali. Jumamosi iliyopita alikuja, akakaa pembeni kwenye dumu lake, kimya. Karibu na mwisho akamwambia msichana mmoja ashushe kiwiko.