Je, Heshima ya Mkubwa Yazuia Kusema Kweli?



Kuna swali ambalo watu hulikwepa, na hapana hata mmoja wetu ambaye halijampata. Mtu akimsikia mkubwa wa elimu amesema jambo, naye kwa hesabu yake akaona kuwa sivyo lilivyo, je, adabu yamtaka anyamaze au yamtaka aseme? Wengi hujibu upesi: anyamaze, kwani yeye ni nani hata amsahihishe fulani? Jawabu hili nataka tulipime leo, na mizani yetu iwe hesabu, kwa kuwa hesabu haijui cheo cha mtu wala ukoo wake.

Katika jiometri iko elimu ya kuhesabu maumbo yatimizayo masharti. Wapewa masharti, kisha waulizwa: ni maumbo mangapi yayatimizayo yote? Sharti likiwa ni mstari upite kwenye nukta mbili, jawabu ni mmoja. Apollonius wa Perga, Mgiriki wa zamani, aliuliza: ukipewa duara tatu, ni duara ngapi ziwezazo kuzigusa zote tatu? Aghalabu ni 8. Huyu ndiye aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya mikato ya koni, yaani maumbo yapatikanayo koni ikikatwa kwa ubapa: duara, duaradufu, parabola na haipabola. Kitabu hicho kilikuwa na sehemu nane. Ya tano, ya sita na ya saba zimetufikia kwa lugha ya Kiarabu tu, kwa kazi ya wafasiri wa Baghdad katika karne ya tisa. Ya nane imepotea. Elimu hii basi si ngeni kwetu kama wengine wadhanivyo.

Mwaka 1848 Jakob Steiner, mwalimu mkubwa wa jiometri mjini Berlin, aliuliza swali zito zaidi: ukipewa mikato mitano ya koni, ni mikato mingapi iwezayo kuigusa yote mitano? Akajibu: 7776. Njia ifikayo kwenye jawabu hilo ni nyepesi kuifahamu. Chukua mikato yote ipitayo kwenye nukta nne. Sita katika hiyo itaugusa mkato uliopewa. Kila sharti la kugusa basi lina uzito wa sita, na masharti ni matano. Sita mara sita, hata mara tano, ni 7776. Nani angeshuku?

Lakini ndani ya hesabu hiyo mliingia wageni wasioalikwa. Mstari mmoja ukihesabiwa mara mbili, kwa kanuni huhesabiwa nao kuwa ni mkato wa koni. Na kwa kuwa ni wa mara mbili, kila unapokutana na umbo jingine hukutana nalo mara mbili mahali pamoja, na hiyo ndiyo alama ya kugusa. Kwa hiyo mstari huo huonekana kuligusa kila umbo duniani, ingawa kwa hakika haukuligusa hata moja. Waukata tu na kupita. Mistari ya namna hii haina idadi, na katika hesabu ya Steiner ilijitia kwa kiasi cha 4512. Ukiiondoa, yabaki 3264, na hiyo ndiyo idadi ya kweli. Tumewaona watu wa sura hiyo: akubaliana na huyu, akubaliana na yule, hapana sharti asilolitimiza, na ukimchunguza huoni mahali aliposimama.

Haya ni makosa ya akili, na binadamu hukosea. Lililo zito ni lililofuata. Wanahistoria wa hisabati wasimulia kwamba mwaka 1859 Mfaransa mmoja, Ernest de Jonquières, afisa wa jeshi la majini, aliifikia idadi iliyo sawa, lakini hakuitangaza kwa sababu ya ukubwa wa jina la Steiner. Ikapita miaka mitano. Mwaka 1864 Michel Chasles akaitangaza 3264, na Steiner alikuwa amekwisha kufa mwaka mmoja nyuma. Tazameni basi heshima hii ilimfaa nani. Wanafunzi walibaki na idadi ya uwongo, na mwalimu aliyeheshimiwa hakupewa na yule ajuaye nafasi ya kujisahihisha kwa kalamu yake mwenyewe. Kumwacha mtu katika kosa lake huku walijua, kisha ukaita hilo adabu, ni kumdhulumu kwa jina zuri.

Sasa linganisheni na khabari ya mwaka 1991. Wanafizikia, Candelas na wenzake, walitabiri idadi ya mikunjo ya daraja la tatu iliyo ndani ya umbo fulani la daraja la tano: 317,206,375. Wanahisabati wawili wa Norway, Ellingsrud na Strømme, wakahesabu kwa kompyuta na kupata 2,682,549,425. Wanahisabati walikuwa na haki ya kuwashuku wanafizikia, kwani hao walikuwa na utabiri tu, hawakuwa na uthibitisho. Hata hivyo wale wawili walirudi kuikagua programu yao, wakaona kosa ni lao, nao wakalitangaza mwaka ule ule. Idadi yao ilipotengenezwa ikawa sawa na ya wanafizikia. Je, walipungukiwa na heshima? Bali majina yao yatajwa leo kwa wema.

Huenda mtu akasema: ukifungua mlango huu, kila kijana atainuka kuwasahihisha wazee. Nami nasema: mlango huu una kizingiti, nacho ni hesabu. Asiyeweza kuonyesha mgeni aliyejipenyeza katika hesabu ni yupi, na aliingia kwa njia gani, huyo na anyamaze na asome. Lakini aliyemwona, kunyamaza hakumfai yeye wala mkubwa wake. Adabu yamfunza namna ya kusema: kwa upole, kwa faragha kwanza, na kwa dalili mkononi. Ama kusema kwenyewe ni deni, na deni halifutiki kwa sababu mwenye kudai ni mtu mkubwa.