Kumngoja wa Nyuma

Mwaka jana mwezi wa Agosti sisi walimu wastaafu watano tulitoka Muheza kwa baiskeli, tukikusudia kufika Mlalo. Wapo waliotucheka, nasi tuliwaacha wacheke. Hadi Mombo hakuna kubwa la kusimulia: lami, malori, mashamba ya mkonge, na usiku mmoja Korogwe. Safari yenyewe ilianza siku ya tatu asubuhi, tulipoiacha barabara kuu iendayo Moshi tukageukia mlimani.

Aijuaye njia ile hahitaji kuelezwa. Ilichongwa ubavuni mwa mlima zamani za Wajerumani, walipouita mji wa Lushoto Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari wao. Toka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na katika hizo mtu hupanda karibu mita 1,000. Upande huu jabali, upande ule korongo, na kona baada ya kona. Baiskeli zetu ni zile nzito za kila siku, zisizo na gia, na kila moja ilikuwa na mzigo kwenye keria.

Tulikuwa tumepatana tangu nyumbani kwamba hakuna atakayeachwa. Basi wenye nguvu walitangulia, wakifika mahali penye kivuli wakakaa, wakanywa maji, wakazungumza, hata alipotokea mwenzetu mwenye goti bovu akisukuma baiskeli yake kwa miguu. Alipofika tu, tulisimama na kusema, “Haya, Mwalimu, twende.” Tulifanya hivyo mara tano kabla ya Soni, na kwa kweli tulijiona watu wema sana.

Pale Soni, karibu nusu ya njia, mwenzetu aliilaza baiskeli chini akasema, “Ninyi endeleeni. Mimi nitapanda basi.” Tulikasirika kidogo. Mmoja wetu akamwambia, “Lakini, bwana, tumekungoja njia nzima!” Naye akajibu bila ukali, “Ni kweli, mmeningoja. Ila ninyi mmepumzika mara tano, na mimi sijapumzika hata mara moja.”

Tulinyamaza. Hesabu yake ilikuwa rahisi, na sisi tuliofundisha hesabu miaka zaidi ya thelathini hatukuwa tumeifanya. Mwenye goti zima alipata kivuli, na mwenye goti bovu alipata amri ya kuondoka. Kila tulipomngoja tulimzidi nguvu zaidi.

Je, ingefaa twende sote kwa mwendo wake? Ndivyo alivyofanya Yakobo alipomwomba Esau atangulie, ili yeye aende polepole kwa kadiri ya watoto na mifugo inyonyeshayo. Lakini baiskeli si kundi la kondoo. Isiyo na gia haiendi polepole mlimani. Ukipunguza mwendo inayumba, nawe utashuka upende usipende. Mwenzetu mwenye nguvu kuliko sote alilisema hilo, wala hakuwa mchoyo, alisema kweli. Tena alikuwa na neno jingine: akikaa sana kivulini jasho humkaukia mwilini, na baridi ya Agosti kule juu si ya mchezo. Kumbe kungoja nako kuna gharama. Yafaa tuulize gharama hiyo imwangukie nani, maana ni lazima imwangukie mtu.

Tukiwa bado tunabishana, walipita akina mama wanne wenye mizigo ya kuni vichwani. Mbele kidogo mmoja alitua, na wote wakatua. Hakuna aliyeondoka hata mwenzao alipokuwa tayari, ndipo wakatwishana, na yule wa mwisho akatwishwa na mwenzake aliyekwisha kujitwika, akikunja magoti shingo imenyooka. Labda wao si wema kuliko sisi. Mzigo wa kichwani hauinuliwi na mtu mmoja, kwa hiyo kila mmoja anajua kwamba kesho atahitaji mkono wa yule anayemngoja leo. Mtu wa baiskeli hahitaji mkono wa mtu ili apande, na hapo ndipo usahaulifu wetu ulipopata nafasi.

Usiku ule usingizi ulichelewa, maana tulikumbuka madarasa yetu. Chuoni tulifundishwa kumwangalia mtoto mzito wa kuelewa, nasi tulimwangalia. Tulirudia hesabu ubaoni, tukauliza, “Mmeelewa?” Wepesi waliokuwa wamemaliza zamani waliitikia kwa pamoja, na yule wa nyuma ndiyo kwanza alikuwa ameipata. Papo hapo tulifuta ubao. Tulimngoja, hakuna awezaye kutulaumu kwa hilo. Ila sura za wengine tunazikumbuka hata sasa, wakiwa na kalamu mkononi, wakiutazama ubao uliofutwa.

Toka Soni tulipatana upya: mapumziko yahesabiwe tangu afikapo wa mwisho, na neno la kuondoka liwe lake. Mwenye nguvu alivaa koti akangoja. Tuliingia Lushoto magharibi, tumechelewa na tunatetemeka, na mmoja wetu alinung'unika waziwazi hata wakati wa chakula. Hatumlaumu.

Tulifika Mlalo, na baada ya siku mbili tukageuza. Katika mteremko wa kurudi Mombo sisi wenye magoti mazima tulikuwa waoga. Tulishika breki kila kona, tukasimama kuziacha zipoe. Mwenye goti bovu ana breki nzuri na moyo mgumu, akatupotea tangu kona ya kwanza baada ya Soni. Tulimkuta Mombo katika mkahawa, kikombe kitupu mbele yake. Tulidhani atasimama. Akamwita mhudumu, akaagiza chai tano, akavuta benchi.

“Kaeni,” akasema. “Ndiyo kwanza nafika.”