Ridhaa na Amri: Funzo la Vijiji vya Ruvuma

Kujitawala moja kwa moja ni utaratibu ambao wanaoguswa na jambo ndio wanaolikata, bila kumwachia mwakilishi kauli ya mwisho. Katika kitabu chake cha 1762 kuhusu mkataba wa jamii, Jean-Jacques Rousseau alishikilia kwamba utashi wa umma hauwakilishwi na mtu mwingine. Hapo huzuka swali gumu: je, serikali inayoamini kujitawala yaweza kuwaamuru watu wajitawale?

Swali hilo lilipata jibu la vitendo kusini mwa Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa chama tawala, TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji cha Litowa, karibu na Songea. Walilima shamba la pamoja na kugawana matunda ya jasho lao. Mfano wao ulienea. Vijiji vikaungana katika Ruvuma Development Association (RDA), iliyoshauriwa na Mwingereza Ralph Ibbott, na kufikia 1969 vilikuwa takriban 17. Mkutano wa wanakijiji ndio uliopanga kazi, kuamua matumizi ya mapato na kuchagua viongozi. Aliyechaguliwa hakuacha jembe.

Rais Julius Nyerere aliiona kazi ya vijiji hivyo na kuithamini. Andiko lake la 1967, Ujamaa Vijijini, lilisisitiza hiari, na katika Uhuru na Maendeleo la 1968 alieleza kwamba watu hawaendelezwi, bali hujiendeleza. Hata hivyo, tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja RDA, na mali zake zikatwaliwa. Novemba 1973 kuishi vijijini kukatangazwa kuwa amri, na Operesheni Vijiji ikawahamisha mamilioni ya watu.

Watetezi wa amri walikuwa na hoja nzito. Shule, zahanati na maji ni vigumu kuwafikishia watu waliotawanyika, na taifa changa lilihofia kila kundi kushika njia yake. Lakini hoja hiyo inahusu huduma, haihusu utashi. Mtu aweza kuhamishwa kwa lori hadi penye kisima, lakini hawezi kuhamishiwa nia ya kulima na jirani yake. Ushirika ni ahadi, na ahadi iliyotolewa kwa kulazimishwa haimfungi aliyeitoa.

Mkutano wa wanakijiji nao una mipaka yake: unakula muda, na unahitaji watu wanaofahamiana. Zaidi ya hayo, unahitaji mamlaka ya kweli, pamoja na haki ya kukosea na kujirekebisha. Wanakijiji wanaoitwa kusikiliza uamuzi uliokwisha kupitishwa ni hadhira tu. Kwa hiyo serikali yaweza kutoa ardhi, ulinzi na mafunzo, lakini ridhaa haina budi kutoka kwa wanakijiji wenyewe.