Tabaka Moja Likizungushwa

Mwaka 1994, toleo la 3.0 la programu ya Photoshop liliwapa watumiaji wake matabaka. Tangu hapo mhariri wa picha aweza kulizungusha tabaka moja peke yake, na mengine yasitikisike. Mtu aliyesimama wima huinamishwa digrii 15, akaonekana anayumba kwa ulevi, hali nyumba iliyo nyuma yake ingali imara. Je, huo ni uongo?

Yuko atakayesema kuwa hapana kilichoongezwa wala kilichopunguzwa: uso ni ule ule, nguo ni zile zile. Hoja hii ni nzuri kusikilizwa, lakini ni dhaifu kupimwa. Kwanza, tabaka lenyewe halibaki kama lilivyokuwa. Kwa digrii 90 kila nukta hupata mahali pake. Kwa digrii 15 hukosa, na kompyuta hukadiria rangi kwa kutazama nukta jirani. Pili, kivuli kilichoachwa katika tabaka la chini hakigeuki pamoja na mwenyewe. Mwili hunena hili, na kivuli hunena lile.

Ukweli wa picha hukaa katika uhusiano wa vitu vyake, kama ukweli wa usemi ukaavyo katika mpango wa maneno. Mchora matangazo ana ruhusa ya kugeuza apendavyo, maana hakuapa. Atoaye picha kuwa habari ameapa kwa kimya chake, na heshima ya mtu imo mkononi mwake. Ageuzaye sehemu amegeuza yote. Basi na aseme.