Mwacheni Mama Ndege Aende Zake

Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, imo amri ndogo ambayo wengi wetu huipita upesi tusomapo. Mungu awaagiza Waisraeli kwamba mtu akikuta kiota njiani, na mama amelalia mayai au makinda, asimtwae mama pamoja na watoto, bali amwache mama aende zake. Na kwa amri hiyo ndogo Mungu ameongeza ahadi kubwa, sawa na ile aliyowapa wanaowaheshimu baba na mama: heri na maisha marefu. Yafaa tujiulize, wasomaji wapenzi, kwa nini heri ya mtu ifungamanishwe na kiota cha ndege.

Jibu moja limo katika bahari yetu wenyewe. Fungu Kizimkazi, ambacho wageni hukiita Latham, ni kisiwa kidogo cha matumbawe mbali na pwani ya Tanzania, kusini ya Unguja. Kisiwa hicho chainuka mita chache tu juu ya maji, lakini ndege wa bahari wa aina nne huzaa humo, wakitaga juu ya ardhi wazi. Baadhi yao hutaga yai moja tu kwa msimu. Basi anayeokota yai hilo hachukui kitoweo tu. Achukua uzazi wote wa mama yule kwa msimu ule. Hata asiyeokota kitu, akipita katikati yao na kuwarusha, ayaacha mayai kwenye jua kali, nayo huharibika.

Tena ndege hao hawaishi kwa faida yao peke yao. Huruka mbali kutafuta samaki, wakarudi kisiwani, na kinyesi chao huwa mbolea. Mvua na mawimbi huipeleka mbolea ile mpaka kwenye miamba ya matumbawe. Katika visiwa vya Chagos, vilivyo katikati ya Bahari ya Hindi, wataalamu walilinganisha visiwa 12: sita vyenye panya walioletwa na vyombo vya watu, na sita visivyo na panya. Panya hula mayai na makinda. Mwaka 2018 walitangaza kwamba mahali pasipo panya ndege walikuwa wengi mara 760 zaidi, na uzito wa samaki miambani ulizidi kwa asilimia 48. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba matumbawe ya jamii moja, yakipata mbolea ya ndege, yalikua upesi karibu mara mbili. Ndivyo Muumba alivyopanga: ndege amlisha samaki, na samaki amlisha mtu.

Lakini siku hizi bahari yapata joto. Tumbawe ni mnyama mdogo, naye hulishwa na viumbe vidogo sana viishivyo mwilini mwake. Maji yakizidi joto huwatoa, akawa mweupe, na joto likidumu hufa. Hivyo ndivyo matumbawe mengi ya pwani ya Afrika Mashariki yalivyokufa mwaka 1998. Na mwezi wa Aprili 2024 wataalamu walitangaza kwamba ugonjwa huo umeenea tena katika bahari zote za dunia. Maji nayo yapanda: tangu mwaka 1900 usawa wa bahari umeinuka karibu sentimita 20. Kwa kisiwa cha mita chache, hilo si jambo dogo.

Mtu aweza kusema: si wavuvi wetu waliowasha moto huu. Ni kweli. Moshi mwingi umetoka katika viwanda na magari ya mataifa tajiri, na haki yadai kwamba waliochafua zaidi wabebe mzigo mkubwa zaidi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliyataja matumbawe yanayokufa, akaunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Lakini kosa la jirani halitupi ruhusa ya kubomoa nyumba yetu kwa mikono yetu. Ndege hawawezi kuzuia joto. Waweza kuusaidia mwamba uliougua upate nguvu tena. Je, tuuondoe hata msaada huo?

Mwingine atasema: mvuvi ana njaa. Mungu aijua njaa yake. Amri ile haikumkataza mwenye njaa kula. Ilimkataza kukata shina la chakula cha kesho. Anayekomba mayai ya kisiwa kizima, na anayepiga baruti miambani, hula leo sehemu ya watoto wake.

Imetupasa basi kutenda yaliyo katika uwezo wetu. Wenye vyombo wahakikishe hawapeleki panya visiwani. Katika kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, panya waliondolewa mwaka 1997, basi jambo hilo lawezekana. Wavuvi wasitue penye viota wakati wa kutaga. Wenye madaraka wavilinde visiwa hivi, wala wasiwasahau wanaopata riziki humo. Nanyi mlio mbali na bahari, huko Tabora, Songea au Bukoba, msiseme hayawahusu: msinunue samaki aliyeuawa kwa baruti, na wafundisheni watoto wenu kwamba kiota si mchezo.

Ndege wa Fungu Kizimkazi hana shamba wala ghala, naye Baba wa mbinguni amlisha. Lakini ardhi ya kutagia yai lake ameiweka chini ya ulinzi wetu. Siku ya hesabu tutaulizwa juu ya amana zote, kubwa na ndogo.