Geji Ikikataa Kurudi Kwenye Sifuri

Ndugu zangu mafundi wa meno bandia wa Nyeri, Karatina na Nanyuki, nina kisa cha kweli. Kilitokea Marekani, mbali na Mlima Kenya, lakini kinaihusu meza ya kila mmoja wetu.

Aprili 1990 darubini ya Hubble ilirushwa angani. Miezi miwili baadaye wataalamu waligundua kwamba picha zake zina ukungu. Kioo chake kikuu, chenye upana wa mita 2.4, kilikuwa kimesuguliwa kupita kiasi ukingoni, kwa mikroni 2.2 tu. Mashine ya kusugua haikukosea; ilifuata kipimo ilichopewa. Kosa lilikuwa ndani ya kifaa cha kupimia, ambamo lenzi moja ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Rangi ilikuwa imebanduka kwenye kifuniko cha ufito wa kupimia, na mwanga ukasoma kifuniko badala ya ncha ya ufito.

Dalili zilikuwepo. Lenzi ilipokataa kufika ilipotakiwa, mafundi hawakutafuta sababu; walitia washa, kazi ikaendelea. Kisha vifaa vingine viwili vikaonyesha kasoro. Vikapuuzwa, kwa kuwa kile kimoja kilihesabiwa kuwa sahihi kuliko vyote. Kazi ilikuwa imechelewa na fedha zimepita bajeti. Katika hali kama hiyo, ni nani kati yetu angefurahia kuanza upya? Wanaanga walikwenda kuirekebisha Desemba 1993.

Sasa tazama geji ya Iwanson iliyo mbele yako: mikono miwili yenye ncha, na mshale unaosoma kuanzia 0 hadi milimita 10, kwa sehemu za kumi. Kofia ya chuma itakayobeba kauri isipungue unene wa milimita 0.3. Geji ikianguka sakafuni na mkono mmoja ukapinda kidogo, inaweza kuongeza 0.2 katika kila kipimo. Unasoma 0.4, kumbe mkononi una 0.2. Mgonjwa akitafuna, chuma kitanepa na kauri itapasuka.

Hapa pia dalili hutangulia. Ncha zimegusana lakini mshale umesimama kando ya sifuri. Kiungo kinachezacheza. Kofia ni nyepesi kuliko ulivyozoea. Daktari anarudisha kazi ya pili yenye ufa uleule, nasi tunalaumu tanuri, au meno ya mgonjwa, kwa sababu geji ni ya miaka mingi na tunaiamini.

Kila asubuhi funga ncha, uangalie sifuri. Kisha pima bamba la fila, lile makanika wanalopimia nafasi za valvu, kwa kuwa unene wake umechapishwa juu yake. Vipimo viwili vikipingana, simama utafute sababu, wala usichague kile kinachokupendeza. Na geji isiyorudi kwenye sifuri iweke kando leo hii, hata kama daktari ameshapiga simu kuulizia kazi yake.