Jumatano: Kilio cha Watu na Wake Zao

Soma Nehemia 5:1-13. Ni nani waliolia, nao walimlalamikia nani?

Kodi ya mfalme wa Uajemi ilikuwa nzito, lakini kilio hiki hakikuelekezwa Uajemi. Watu waliwalia ndugu zao Wayahudi, ambao waligeuza uzito wa kodi kuwa faida yao: wakakopesha kwa riba, wakachukua mashamba, na watoto wa maskini wakaingia utumwani. Angalia pia kwamba wanawake wametajwa waziwazi katika aya ya kwanza. Hawakufichwa nyuma ya waume zao.

Mwalimu wa darasa la watoto pale Mafinga hahitaji kwenda mbali ili kueleza ukoloni. Watoto wa Mkoa wa Iringa hulisikia jina la Mkwawa kabla hawajajua kusoma. Husimuliwa habari za Lugalo, Agosti 17, 1891, Wahehe walipolishinda jeshi la Wajerumani, na waliopelekwa Kalenga wameliona fuvu lililorudishwa mwaka 1954. Habari hiyo ina heshima yake, wala isiachwe. Ila mtoto wa miaka sita akiisikia hiyo peke yake, hutoka nje na kijiti akitafuta Mjerumani wa kumchoma, na kwa kawaida aliye mnyonge kuliko wote ndiye anayefanywa Mjerumani.

Ndiyo maana inafaa kuisimulia pamoja na nyingine, ya Upare, wakati wa Waingereza. Katika miaka ya 1940 ililetwa kodi iliyoitwa mbiru, ambayo kila mtu alikadiriwa kiasi chake kulingana na mali yake. Wapare hawakukataa kulipa kodi. Walikataa makadirio, kwa kuwa waliona hayana haki. Mwaka 1945 maelfu yao walitembea kwa miguu hadi Same, makao ya wilaya, wakakaa huko bila silaha wakingoja kusikilizwa. Baadaye wanawake wa Usangi nao wakajitokeza kudai shauri limalizwe, kwa maana waume zao walikuwa mbali na nyumbani. Mwishowe kodi ile iliondolewa.

Watoto wadogo hawataelewa neno “makadirio”, lakini wataelewa maharage. Mpe kila mtoto punje kumi. Kisha mtu mmoja apite akitoza kwa kuangalia sweta tu: mwenye sweta jipya atoe nane, mwenye sweta lililochakaa atoe mbili, na rafiki yake mtozaji asitoe kitu. Kelele zitaanza mara moja. Usizizime upesi. Lakini wa kwanza kuulizwa awe yule ambaye hakutozwa: “Wewe umeonaje?” Kila mtoto hujua kusema “si haki” akinyang'anywa yeye. Kulisema kwa ajili ya mwenzake, huku punje zake zote zingali mkononi, ni jambo la kufundishwa.

Wazazi wengine huogopa somo kama hili kwa sababu ya Warumi 13. Hata hivyo Nehemia, aliyekuwa liwali wa mfalme, hakuwakemea waliolia. Alikasirika kwa sababu ya yale waliyotendewa. Nao mitume, katika Matendo 6:1-6, walisikia manung'uniko kuhusu wajane wakayatafutia dawa.

Soma tena Nehemia 5:10. Nehemia anajihesabu yeye mwenyewe na ndugu zake miongoni mwa waliokopesha. Hapa somo linauma. Wamisionari wa kwanza Waadventista walifika Upare mwaka 1903, wakitoka Ujerumani, na Ujerumani ndiyo iliyotawala. Walileta Injili na shule. Mtoto akiuliza, “Walikuwa upande gani?”, asiambiwe anyamaze, wala asipewe jibu la kuwasafisha wote au kuwahukumu wote. Aambiwe kwamba watu wa Mungu pia wanaweza kunufaika na jambo lisilo la haki bila kulianzisha wao, na kwamba Nehemia alisema hivyo mbele ya kusanyiko lote kabla ya kuwaambia wengine warudishe.

Mtoto akisema “si haki” katika darasa la kanisa lenu, hujibiwa nini? Na ikiwa aliyemkosea ni mwalimu mwenyewe?